Bipu ya Jioni

Kila jioni, akishafungia kuku wake, Mma-Oarabile alimbipu mwanawe, Oarabile, aliyefanya kazi Gaborone. Simu ililia mara moja, ikakatika. Maana yake: nimeingia ndani, mzima. Ndivyo walivyokubaliana tangu mama abaki peke yake kijijini Shoshong.

Kisha Oarabile akapata kijiji kingine, cha mchezo wa simu. Huko mvua ilinyesha ukigusa wingu. Mtama haukukauka, mbuzi hawakupotea, hakuna aliyeugua. Akajenga nyumba kama ya kwao, akaweka mlangoni kikongwe mwenye kitambaa cha buluu, akampa jina la mama. Kila alipofungua mchezo, kikongwe alimpungia mkono. Kero ilikuwa bipu: ikiingia tu, mchezo ulijifunga na mavuno yakapotea. Akazuia simu zote za jioni.

Jumamosi moja mchana, alikuwa akimwagilia mtama wa mchezoni, kikongwe alipopunga, na Oarabile akashtuka. Hakukumbuka mara ya mwisho kusikia bipu. Akapiga. Simu ya mama ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, vidole vikiteleza kwa jasho. Imezimwa.

Akampigia jirani yao, Rra-Lesego.

"Kumbe vidole bado unavyo," jirani akamtania. "Ngoja nikamchungulie."

Oarabile alisikia ndala zikiburuzwa mchangani, geti likilia, jina la mama likiitwa. Kimya. Jirani aliporudi simuni, utani ulikuwa umemwisha. Mlango una kufuli, alisema, na kuku hawajafunguliwa.

"Mama yako hasafiri bila kuniaga. Njoo leo, mdogo wangu."

Oarabile alivaa viatu bila soksi. Pale kitandani, kikongwe wa kwenye simu aliendelea kupunga, tabasamu lilelile. Huyu ndiye mama ambaye Oarabile alikuwa akimtunza.

Alipofungua mlango, mama yake alikuwa amesimama nje na mfuko wa nailoni, macho mekundu. Akampapasa mashavu, masikio, shingo, kama anayekagua mbuzi aliyerudi na majeraha.

"Nimebipu, nimebipu, mpaka na hiyo simu ikafa," alisema. "Humu mfukoni mna shali yangu ya msibani."

Ndani, simu ikalia: mtama wa mchezoni ulikuwa umeiva.

"Kapokee, mwanangu," mama akasema. "Usimtie mama mwenzangu hofu."