Dairekta wa Kisumu Ndogo

"Mama, hii si biashara ya wanawake," alisema Thuku, kijana wa afisi ya serikali ya Kilifi. Alisema taratibu, kama aliyekwisha kuwaambia wengi.

Kadzo alimtazama mwenzake, Jedida. Walikuwa wametoka Malindi alfajiri kuomba cheti cha AGPO, kile ambacho serikali huwapa wanawake, vijana na walemavu ili baadhi ya zabuni washindanie wao peke yao. Hospitali moja ilikuwa ikitafuta wa kushona mashuka. Bila cheti, maombi yao yasingesomwa.

"Tunaoshona ni sisi wawili," alisema Jedida. "Huyo mwanamume unayemwona hapo kwenye karatasi hajui hata kutunga uzi kwenye sindano."

"Lakini nusu ya hisa ni yake, na ni mkurugenzi. Wakurugenzi sharti wawe wanawake watupu. Mtoeni, kisha mrudi."

Mwanamume huyo alikuwa Mwaringa, mume wa Kadzo. Siku ya kusajili kampuni, Kadzo mwenyewe ndiye aliyetaka jina la mumewe litangulie. Kwao, bara ya Malindi, mke hafungui jambo akamwacha mwenye mji nje. Watu wangeuliza kama amekufa. Jedida, aliyezaliwa mbali na pwani, hakubisha. Wakati ule Mwaringa alikuwa mpishi wa hoteli, na jina lile halikumpunguzia wala kumwongezea kitu.

Kisha hoteli ikafungwa. Siku hizi alikaa nje ya chumba chao cha cherehani, mtaani Kisumu Ndogo, shati limepigwa pasi, na majirani wakimwita Dairekta.

"Utamwambia wewe," Jedida alisema walipokuwa wakirudi. "Nikimwambia mimi, ataona namfukuza kwake."

Kadzo alingoja mumewe amalize kula.

"Baba Kache, wametukataa."

"Kwa nini?"

Alikuwa ametayarisha maneno laini, lakini uchovu uliyameza. "Kwa sababu jina lako limo."

Akamweleza yote, na kwamba fomu ya kumtoa ilikuwa kwenye simu yake, ikingoja idhini ya Mwaringa mwenyewe. Mwaringa alinawa mikono polepole.

"Kumbe kosa langu ni kuwa mwanamume."

"Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekutia."

"Ulinitia kwa heshima, Mama Kache."

"Ndiyo."

"Na sasa wanitoa kwa nini?"

"Kwa mashuka," akasema Kadzo.

Mwaringa akacheka kidogo, akaguna. "Haya, lete hiyo simu." Akasoma yote mpaka mwisho, ndipo akakubali.

Cheti kilitoka zabuni imekwisha kufungwa. Mashuka wakapewa wengine. Jedida alikibandika ukutani, akarudi nyuma kukitazama.

"Angalau tunacho. Nyingine ikija, tuko tayari."

"Ikija," alisema Kadzo, akashona sare aliyokuwa ameiacha.

Nje, Baya alipita akisukuma mkokoteni wake wa maji. "Dairekta! Mashuka ya serikali tutayaona lini? Au mnayalalia wenyewe?"

Kivuli cha Mwaringa mlangoni kikageuka upande wa ndani. Jedida akainua uso, mdomo uko tayari kumwambia Baya kwamba Dairekta alishatoka. Kadzo akamtikisia kichwa, akakanyaga cherehani kwa nguvu, kelele zikajaa chumba.

"Ngoja zabuni ijayo!" Mwaringa akaita. "Kampuni haiendeshwi kwa pupa, Baya."