Pembe Isiyofikiwa na Risasi

Katika jumba la michezo ya video pale Osaka, Kogure alimdharau Mama Fumie kuliko mchezaji yeyote. Kila alipofika kwa joka, adui wa mwisho wa mchezo, mama huyo aliipeleka ndege yake kwenye pembe ya chini ya skrini, mahali ambapo risasi za joka hazifiki, akalifyatulia risasi hadi likafa.

"Huko si kupigana, mama," Kogure alimwambia. "Ni kujificha uvunguni."

"Jina langu liko ukutani, mwanangu. Lako liko wapi?"

Ukutani waliandikwa wale tu waliolishinda joka kwa sarafu moja, bila kulipia tena. Kogure alikuwa akiitamani nafasi hiyo kwa miaka sita. Siku hiyo alilifikia joka akiwa amebakiwa na uhai mmoja. Lilipomwaga mvua ya risasi, mkono wake uliikimbiza ndege kwenye pembe ile ile ya Fumie, na hakuitoa humo mpaka joka likalipuka.

"Mkono umeteleza," alisema bila kugeuka.

"Umeteleza ukatulia nusu dakika nzima?" Fumie aliguna. "Haya, shika kalamu, bingwa. Watu wanaingoja mashine."

Kogure aliipokea kalamu, akaandika jina lake ukutani kwa herufi ndogo kuliko zote.