Mwalimu Nestory na Kiti cha Ofisini

Jumatano, tarehe 12 Machi 2025. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, na ukungu ulilala juu ya ziwa hata mawe ya Pasiansi yakaonekana kama ng'ombe wanaoelea. Getruda alisali akiwa mlangoni, beseni la sato kichwani. Hakuomba wateja. Aliomba Mwalimu Nestory akubali.

Darasa la jioni lilikuwa la watu wazima kama yeye, waliokosa shule utotoni. Mwalimu mkuu aliyewapa chumba alikuwa anastaafu, na waliokitaka kiti chake walikwisha kusema kwamba watu wazima wanavunja madawati ya watoto. Mwalimu Nestory, anayewafundisha, ndiye aliyeombwa ashike nafasi hiyo. Kesho alitakiwa kujibu, na tangu Jumapili alikuwa akitikisa kichwa tu.

Siku nzima Getruda aliuza samaki kama mtu aliye usingizini. Herufi zilimpitia machoni. Aliziona kwenye magamba, kwenye mawimbi madogo, kwenye moshi wa wakaangaji. Miaka yote alidhani walimu huutaka ukuu kwa sababu ya kiti kinachozunguka na kunyenyekewa. Sasa huyu anayekikimbia kiti, alikuwa mtu wa namna gani?

Jioni mwanga uliingia darasani ukiwa laini, rangi ya asali. Mwalimu alifuta ubao polepole, asiandike kitu.

"Shikamoo, mzee Nkwabi," alimwamkia mwanafunzi wake mkongwe kuliko wote.

"Marahaba. Umekubali?"

"Bado, mzee."

"Anaogopa kitambi cha wakubwa huyo," alidakia Modesta, fundi cherehani. Darasa likacheka.

Mwalimu naye alicheka, kisha akaketi kwenye dawati dogo, magoti juu.

"Wapo wanaoutaka ukuu wapumzike kushika chaki. Wapo wanaotaka heshima. Na wapo wanaoona kitu kizuri kinakaribia kuharibika, wanasema basi, nishike mimi. Mimi ningekuwa wa hao. Lakini mwalimu mkuu ni mtu wa vikao, leo Ilemela, kesho Nyamagana. Nikikataa, mnafungiwa mlango. Nikikubali, mlango uko wazi na mwalimu hayupo. Hawa wanafunzi wapya hata kalamu hawajajua kuishika. Nani atawashika mkono?"

Nje ziwa lilikuwa likipumua taratibu. Getruda alihisi kama amenyanyuliwa na mtu asiyemwona, akajikuta mbele, chaki mkononi, ubao mpana kama maji. Aliandika a, e, i, o, u.

"Hiyo o imelewa," alisema mzee Nkwabi.

"Imelewa, babu, lakini inasomeka," alijibu Getruda.

Mwalimu aliutazama ubao.

"Inasomeka," alisema. "Dada Getruda, unachotaka kusema, kiseme wenzako wasikie. Ukikisema, kesho nitajibu ndiyo."

Aliwatazama wote, mmoja mmoja, mpaka Modesta akaacha kutabasamu.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," alisema Getruda, "kila jioni mwalimu atakapokuwa kikaoni, wapya nitawafundisha mimi. Neno nisilolijua nitasema silijui, tutamsubiri arudi. Lakini darasa hili halitakosa mtu ubaoni."