Mapumziko ya Mwisho ya Harlan Fork

Corey Vandiver hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Verlin Stuckey. Mtu mbaya unamchukia na kulala usingizi. Huyu alipendwa na kila mtu bila hata kujisumbua.

Stuckey alikuwa na miaka ishirini na miwili kama kocha msaidizi wa mpira wa kikapu katika chuo cha Harlan Fork, kusini mwa Indiana. Kocha mkuu alipopata kiharusi mwezi wa Oktoba, mji mzima ulijua kiti ni cha Stuckey. Mwenyewe alikuwa ameshapeleka suti kwa dobi. Chuo kikampa Vandiver, kijana wa miaka thelathini na mitatu, aliyekuwa akifundisha watu mmoja mmoja kule Indianapolis kudunda mpira katikati ya vikombe vya plastiki, huku akijirekodi kwa simu. Walimpa kiti kwa muda, hadi Machi.

"Akitufikisha kwenye mashindano ya taifa, kiti ni chake," Kimball, mkurugenzi wa michezo, alimwambia Stuckey kando ya mashine ya kahawa. "Asipotufikisha, ni chako. Siwezi kusema wazi zaidi ya hapo."

Tangu siku hiyo Stuckey akawa na nyoyo mbili. Uwanjani aliifundisha timu kushinda, na akirudi nyumbani aliiombea ishindwe.

Haikushindwa. Ilicheza ovyo, kila mtu na mpira wake, lakini mitupo ya pointi tatu ilizama. Watu wakaanza kuvaa viatu vyeupe kama vya Vandiver. Kwenye mgahawa wa Bi Darlene, ambako Stuckey alikuwa amekula mkate wa nyama ya nguruwe ya kukaanga tangu nywele zake zikiwa nyeusi, siku moja alikuta mkate uleule umeandikwa ubaoni kwa jina la Vandiver.

"Umeongeza nini ndani yake?" aliuliza.

"Sijaongeza kitu, Verlin. Ni jina tu."

"Basi mimi niletee mayai."

Mazoezini alikuwa amepewa dakika kumi za mwisho, wakati vijana wameshachoka. Alizitumia kufundisha mambo aliyofundishwa yeye: mpira ukienda kwenye kapu, mzibe mtu wako kwa mgongo; mwenzako akibanwa, ukimbilie mpira, usiusubiri ukujie.

"Tavion! Mpira umegonga chuma. Mtu wako yuko wapi?"

Tavion Pruitt ndiye aliyekuwa mfungaji wao mkubwa. Hiki kilikuwa chuo chake cha tatu katika miaka mitatu. "Yupo, Kocha."

"Yuko nyuma yako au mbele yako?"

"Yupo tu, Kocha. Hajapotea."

Wakacheka. Vandiver naye akacheka, na hakucheka kwa ubaya.

"Enzi zetu ungepanda ngazi za uwanja mpaka utapike," Stuckey alisema.

"Enzi zenu si mlikuwa mnatupia kwenye kapu la matunda, Kocha? Mtu anapanda ngazi kwenda kulitoa."

Ni Wade Hostetler peke yake ambaye hakucheka. Wade alitoka wilaya moja na Stuckey, mtoto wa wakulima wa mahindi. Stuckey ndiye aliyemfundisha, kwenye pete ya kapu iliyopigiliwa ukutani mwa ghala la baba yake, tangu ana miaka kumi. Hakuwa na mbio wala hakuruka juu, ila hakukosea. Ukimtazama Wade akicheza, ulikuwa unamwona Stuckey. Lakini hata Wade, wiki zile, alikuwa anabaki na Vandiver baada ya mazoezi akijifunza kuruka nyuma na kutupa kwa mbali. Stuckey aliwaona kupitia kioo cha mlango, wawili hao wakigonganisha ngumi. Akaenda kukaa ndani ya gari lake bila kuliwasha.

Kulikuwa na jambo moja la zamani ambalo Vandiver alilifuta. Kila timu ina idadi maalumu ya mapumziko, yaani mara inazoweza kusimamisha mchezo, na yakiisha yameisha. Ukiomba mapumziko ambayo huna, wapinzani wanapewa mitupo miwili huru, kisha wanapewa na mpira. Kwa hiyo kocha wa zamani alikuwa na desturi: timu ikikusanyika, Stuckey anapaza sauti kutaja yaliyobaki, na wachezaji watano wote wanainua vidole kuonyesha wamesikia. Vandiver alisema vidole ni vya watoto wa chekechea. Yaliyobaki yameandikwa kwenye ubao wa matokeo, mtu ana macho. Hata hivyo kadi ya hesabu ilibaki mfukoni mwa Stuckey, na kila mara alitaja namba, vidole viinuliwe visiinuliwe. Ilikuwa kazi yake.

Fainali ya ligi ilichezwa Jumapili mchana. Mshindi angekwenda kwenye mashindano ya taifa, mahali ambapo Harlan Fork haikuwa imefika kwa miaka kumi na tisa. Zikibaki sekunde kumi na moja, Harlan Fork walikuwa mbele kwa pointi moja, na mpira wa kurusha ni wao. Mrushaji hakuona wa kumpa, kwa kuwa wenzake wote walisimama wakipunga mikono. Vandiver akasimamisha mchezo.

Wakakusanyika. Vandiver akapiga goti na kuanza kuchora. Mwamuzi akaja benchi, na kwa kuwa kocha mkuu alikuwa ameinama, akamwambia Stuckey: "Hayo yalikuwa mapumziko yenu ya mwisho. Hamna tena."

"Sawa," Stuckey alisema.

Aliitoa kadi. Sifuri. Mdomo wake ulishafunguka. Lakini nyuma ya benchi watu elfu tano walikuwa wakiimba jina la Vandiver, na katikati yao Bi Darlene, amevaa viatu vyeupe. Pruitt alikuwa ameweka mkono begani mwa Vandiver kama mtu na kaka yake. Stuckey akawaza: mtu ana macho, si ndivyo? Acha watazame ubao. Akairudisha kadi mfukoni.

Hakudhani lolote litatokea. Hivyo ndivyo alivyojiambia baadaye, na haikuwa kweli kabisa.

Mpira ukarushwa kwa Wade, kwenye pembe. Wawili wakamrukia. Mwingine yeyote katika timu ile angejaribu kuwapenya, au angeutupa hewani na kuomba Mungu. Wade akatua kwa miguu miwili, akaukumbatia mpira kifuani, akageuka kwa mguu mmoja huku na huku akimtafuta mwenzake. Hakuna aliyeukimbilia mpira. Pruitt alikuwa katikati ya uwanja, mikono juu, akisubiri aletewe. Basi Wade akafanya kile alichofundishwa kwenye ukuta wa ghala: ukinaswa, usiutupe mpira, omba mapumziko.

"Mapumziko!" alimpigia mwamuzi kelele.

Filimbi ikalia. Stuckey alikuwa amefumba macho kabla haijalia.

Mitupo yote miwili ikaingia. Wapinzani wakapewa mpira, wakaongeza pointi mbili nyingine, na Harlan Fork wakapoteza kwa pointi tatu.

Kwenye meza ya waandishi wa habari, Vandiver hakusubiri kuulizwa. "Wade amefanya jambo sahihi. Mimi ndiye sikumwambia kwamba hatuna. Ni kosa langu, andikeni hivyo." Stuckey alikuwa amesimama mlangoni. Aliona nyuso za waandishi zikilainika. Hata kwenye kushindwa, yule bwana alipendwa. Lawama ilikuwa ya Stuckey, kila senti yake, na Vandiver alikuwa ameivaa, na imemkaa.

Kimball akampita, akamgusa kiwiko. "Kesho saa tatu, ofisini kwangu. Vaa suti."

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Wade alikuwa bado na sare, taulo kichwani.

"Kocha," alisema. "Ulitaja namba, sivyo? Wewe hutaja siku zote. Mimi ndiye sikusikia, kelele zilikuwa nyingi."

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshaufungua mlango.

"Sikutaja," Stuckey alisema.

Wade akaliondoa taulo. "Ulisahau?"

"Hapana."

Pruitt, aliyekuwa akifungua kamba za viatu, aliacha kufungua.

Wade alimtazama Stuckey muda mrefu, jinsi mtu anavyoitazama nyumba ambayo alidhani anaijua. Kisha akainuka, akachukua mfuko wake, na bila kubadilisha nguo akatoka.

Kupitia mlango ulioachwa wazi Stuckey aliwaona mwisho wa korido. Vandiver alifungua mikono, na yule kijana mrefu akauinamisha uso wake begani pake akilia. Stuckey alijua kwamba kesho saa tatu kiti kitakuwa chake. Alisimama pale akiwatazama, na alimwonea Vandiver wivu kuliko siku zote.