Mkato Mmoja wa Ziada

Ukiwauliza watu wa bondeni kwa nini waliihama pwani, watakujibu kwa kauli moja: malisho yalikuwa yamebana, na Mungu anapenda watu wake waenee. Upuuzi mtupu. Mehitabel Thorne alihama kwa sababu ya kaburi moja dogo, tena lililochimbwa nje ya uzio wa makaburi.

Humo alilala mwanawe wa kwanza. Alizaliwa Jumapili saa sita mchana, ibada ikiendelea. Mchungaji wa pwani alikuwa na msimamo wake juu ya watoto wa Jumapili: mtoto huzaliwa siku ileile aliyotungwa mimba, kwa hiyo wazazi wake wameinajisi Siku ya Bwana kitandani. Akakataa kumbatiza. Siku ya kumi na moja mtoto akafa bila ubatizo, na tangu hapo kila Mehitabel alipopita na ndoo ya maji wanawake walimtazama kiunoni. Kosa hakufanya! Yeye na mumewe Jabez walizishika amri mpaka kupitiliza. Lakini nani angemsikiliza?

"Kuna ardhi huko mbele," Jabez alimwambia pale kaburini. "Twende zetu, mke wangu."

Mwaka wa pili wakaondoka, familia tano na mikokoteni yao, Mehitabel akiwa na mimba nyingine, nzito. Alidhani amekimbia. Siku ya tatu njiani akamsikia Mchungaji Crane, kijana waliyefuatana naye, akimweleza mkunga wao sheria ileile ya watoto wa Jumapili, neno kwa neno. Kumbe waliipakia mkokotenini pamoja na Biblia na mbegu.

Mtunza siku wa msafara alikuwa Jabez. Kila alfajiri alikata mkato mmoja kwenye fimbo, na kila wa saba, wa Jumapili, aliukata mrefu. Mvua iliwanyeshea siku tisa mfululizo, homa ikawapitia wote, ikafika mahali hakuna aliyejua leo ni Jumanne au Ijumaa ila kwa kuitazama fimbo ile.

Ijumaa alfajiri Mehitabel akasikia uchungu wa kwanza. Uzazi wake aliujua. Ule wa kwanza ulimchukua siku mbili kamili. Akahesabu kwa vidole: leo, kesho, Jumapili. Jabez alikuwa ameshakata mkato wa siku hiyo, akaenda kutafuta ng'ombe waliopotea msituni. Fimbo ilining'inia palepale mkokotenini. Mehitabel akachukua kisu cha jikoni, akakata mkato mwingine mmoja pembeni ya ule, akafuta vumbi la mti kwa kidole.

Kesho yake Jabez akahesabu, akaona zamu ya mkato mrefu imefika. Akatangaza mapumziko.

"Ndugu Jabez, hebu subiri," akasema Silas Pell, mume wa mkunga. "Mimi nilidhani leo Jumamosi."

"Wewe Silas homa imekula kichwa. Juzi ulimwita ng'ombe kwa jina la mkeo."

"Na akaitika! Mwenyewe haitiki siku hizi."

"Nitakuitikia kwa mwiko," akasema mkunga Tamsin, na watu wakacheka.

"Fimbo haina homa," Jabez akamaliza. "Fimbo haidanganyi."

Basi wakaabudu Jumamosi wakidhani ni Jumapili. Siku iliyofuata, Jumapili yenyewe, fimbo ikisema Jumatatu, akazaliwa mtoto wa kiume. Wakamwita Hopestill. Mchungaji Crane akambatiza kwa maji ya kijito, na Mehitabel akalia mpaka Tamsin akamwambia, "Dada, utamzamisha mtoto."

Bondeni walikuta mashamba tayari, ya wenyeji waliomalizwa na ndui. Jembe lilitoa mahindi, lilitoa na mifupa. Wakajenga nyumba, wakajenga kanisa, theluji ikafunga njia, na fimbo ikaendelea kukatwa. Kila Jumatatu ya fimbo wanaume walishika mashoka, wanawake wakafua, na Mehitabel peke yake alijua kwamba siku ile ni Jumapili ya Mungu. Alifua hivyo hivyo. Angefanyaje?

Kisha mambo yakaanza. Ng'ombe wawili wakazaa ndama wafu. Barafu ya mto ikapasuka ikabeba ghala la mahindi. Mwezi wa tatu watoto wawili wa Tamsin wakafa ndani ya juma moja, na yule mama aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo akanyamaza. Mchungaji akaamuru siku ya kufunga.

"Mungu ana ugomvi nasi," alisema. "Humu ndani kuna aliyeficha jambo."

Jabez akasimama mbele ya wote akaomba kwa sauti, aliyeficha afichuliwe. Mehitabel akamkumbatia Hopestill mpaka mtoto akalia. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga wanasema. Yake ilikuwa imefika miezi minane.

Mwezi wa tano, wakiwa kanisani, wakasikia shoka msituni. Shoka, siku ya ibada! Jabez, ambaye sasa ndiye aliyekuwa askari wa kijiji, akatoka na vijana wawili. Wakarudi wamemkamata mgeni aitwaye Eleazar Nott, aliyekuwa akichonga ekseli mpya ya magurudumu ya mkokoteni wake. Nyuma yake alifuata mkewe, Comfort, tumbo li mbele, anahema.

"Jamani, leo Jumamosi!" Eleazar alipiga kelele. "Mimi ni mcha Mungu kama ninyi. Nilikuwa nakimbizana na jua nimalize leo, kesho nipumzike. Tazameni!" Akatoa kalenda ya kuchapwa, kila siku iliyopita imefutwa kwa mkaa.

Mchungaji Crane akaishika kalenda. Ikiwa mgeni anasema kweli, basi wamelima Siku ya Bwana tangu wafike.

"Ndugu Jabez," akasema, "lete fimbo."

Fimbo ikaletwa. Mehitabel alijua kinachomngoja. Akisema, Hopestill ni mtoto wa Jumapili, ubatizo wake utafutwa, na vifo vyote vya mwaka ule vitamwangukia yeye na mwanawe. Asiposema, mtu asiye na kosa atachapwa. Akafungua kinywa. Hopestill akamshika kidevu kwa vidole vyake vyenye mate, kama alivyozoea.

Jabez akaizungusha fimbo. Kisu chake kilikuwa na pengo, na kila mkato wake ulibaki na ukingo wa kukwaruza. Mmoja tu ulikuwa laini. Kidole gumba chake kikaenda moja kwa moja pale, bila kutafuta, kikaufunika. Akamtazama mkewe.

Lo! Alijua. Alijua wakati wote, hata siku ile alipoomba aliyeficha afichuliwe.

"Fimbo haina kosa," Jabez akasema. "Kalenda huchapwa na wanadamu."

Mchungaji akashusha pumzi. Hilo ndilo alilotaka kusikia. Akamhukumu mgeni mapigo kumi. Jabez ndiye aliyeyapiga, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na Mehitabel akayasikiliza yote kumi kinywa chake kikiwa kimefungwa.

Walipomfungua, Comfort akamfunika mumewe mgongo kwa shuka. Mehitabel akamsogelea na mkate. Comfort hakuupokea. Alikuwa ameshika kiuno kwa mkono mmoja, uso umekunjamana, na Mehitabel akautambua ule mkunjo. Uchungu ulikuwa umeanza.

"Twende, Eleazar," mwanamke akasema. "Kuna ardhi huko mbele."

Mkokoteni ukapanda kilima, gurudumu likiyumba, ukatokomea.

Kesho yake, Jumatatu ya fimbo, kulikuwa na shamba la kulima. Jabez akawafunga ng'ombe, Mehitabel akafuata nyuma akidondosha mahindi matuta kwa matuta, Hopestill mgongoni. Karibu na saa nne, kutoka ng'ambo ya kilima, ikaja zaburi, sauti ya mwanamume peke yake akiimba taratibu, na baadaye kidogo kilio cha mtoto mchanga.

Jabez alisimama. Mehitabel naye akasimama, mbegu mkononi.

Kisha Jabez akawachapa ng'ombe, na wakaendelea kulima.