Nguzo ya Karibu

...na nguzo iko tupu, nguzo ya karibu, haina mtu, Kitasa anafumba macho na kufumbua, bado iko tupu, nani kamtoa muuza viatu pale, jamani, tangu asubuhi amemwambia kona ikipigwa wewe kumbatia nguzo, hata moto uwake usiiache, na sasa kona ndiyo hiyo, ya mwisho kabisa, refa ameshaitazama saa yake, sare inawabakiza kwenye daraja na goli moja linawashusha, na wakishuka yeye hana kazi, mwenyekiti hakuficha, alilisema wakati wa mapumziko mbele ya kila mtu, "Mwalimu, tukishuka, filimbi unaiacha mezani," kwa hiyo kila kitu kimebaki kwenye mpira mmoja, na mpira wenyewe haupo, umeruka ukuta ukatua juu ya bati la gereji ya jirani, ule mwingine ulipasuka kipindi cha kwanza, basi timu mbili nzima zinamngoja fundi magari atafute ngazi, kipa wao ameacha goli lake amepanda mbele, jitu refu lenye mabega kama kabati, hawana cha kupoteza hao, na huku kwetu nguzo iko wazi, mtu aliyewekwa aichunge yuko katikati ya boksi ametulia tuli, kama hajaagizwa kitu...

"Kitasa, nguzo!" ni msaidizi wake, amesimama nyuma, walicheza wote zamani, "huioni nguzo?" naiona, anajibu moyoni, naiona wewe, mimi ndiye nisiyeiona? mimi niliyeiegemea maisha yangu yote, timu sita za madaraja ya chini, asubuhi ghalani anapanga mbao, jioni mazoezini, Jumamosi nguzo ya karibu, kocha wake wa kwanza alikuwa fundi saa, mkali, alimshika bega siku ya kwanza akamsogeza hadi mgongo ukagusa chuma, akamwambia hapa ndipo kwako, usitoke mpaka nikuite, na hakuwahi kumwita, na jina la Kitasa lilianzia hapo, mlango umefungwa, washambuliaji wanakuja wanagonga wanarudi, yeye mwenyewe hakujua kufunga, goli la pekee maishani mwake alijifunga, mpaka leo shemeji zake wanamtania wakikutana, na mkewe alipochoka kuachwa peke yake kila mwisho wa juma alimwambia, "Baba watoto, kumbe una mke mwingine, mwenzangu amepakwa rangi nyeupe, mimi hata sijapakwa," walicheka hadi machozi, lakini ilikuwa kweli, hata goti lilipokataa akaacha kucheza akashika filimbi, hicho ndicho alichokuja nacho kwenye ualimu, wengine walikuja na vyeti na michoro, yeye alikuja na nguzo, kona ikitokea mtu mmoja nguzoni, haijadiliwi, mzoea punda hapandi farasi, na leo, siku ambayo maji yamefika shingoni, wamemtoa mtu wake bila hata kumuuliza, na aliyemtoa ni nahodha, anajua ni nahodha, beki wa kati yule, mpaka rangi, mwenye matone ya rangi kwenye nywele hata siku ya mechi, ngoja, sauti iko tayari kooni, atamwita kwa jina la mama yake leo, atamwita mpaka gereji wasikie...

...lakini anafanya nini yule, hasemi, mbona hasemi kitu, amemfuata kipa wao mwenyewe, amemsimamia ubavuni, bega kwa bega, na ile nafasi aliyoiacha ndiyo aliyomwita muuza viatu aizibe, alimwita kwa kumgusa mgongo tu, naye akaja, na beki wa kushoto akasogea kidogo bila kugeuka kumtazama, na wa kulia naye, na kipa wetu akajongea upande wa ile nguzo, taratibu, kana kwamba wote wamefungwa kamba moja na mtu ameivuta, hakuna aliyeonyesha kidole, hakuna aliyebishana, mikono yao iko nyuma inapapasa, kila mmoja anamgusa mwenzake ajue yupo, na macho yao, Mungu wangu, macho yao hayatazami hata huko kwenye gereji ambako watu wote wanatazama, yako kwa watu, mabegani, viunoni, "usiutazame mpira, mpira hauna miguu, mtazame mtu," hilo aliwafundisha yeye, hilo ni lake, aliwapigia kelele msimu mzima mpaka koo likapasuka, ila haya mengine, huku kusogea, huku kuelewana, hakuwafundisha, hajawahi kuyachora ubaoni, hata hayajui, angekuwa yeye pale angekuwa amegandia chuma chake na yule kabati angeruka peke yake...

"Nimwambie arudi?" msaidizi anauliza, tayari ameweka mikono mdomoni, na Kitasa anamshika mkono bila kumtazama, ngoja kwanza, ngoja, moyo wake unakwenda mbio na siyo hofu, alidhani ni hofu, hofu anaijua, ni nyingine hii, aliwahi kuisikia utotoni, mama yake alikuwa mshonaji, umeme ukakatika chumba kikawa giza totoro, na cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu haikusimama, iliendelea kulia trr trr mpaka mwisho wa pindo, umeme uliporudi ule mshono ulikuwa umenyooka, akauliza, "Mama, umeonaje?" na mama akacheka tu, akavuta uzi akaukata kwa meno, na yeye akabaki ameushika ule mkono wake, anaugeuza huku na huku, anatafuta macho yako wapi, alikuwa na woga na furaha kwa pamoja, ndiyo hii hii...

...hakuwahi kuwasifu, hata siku moja, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndivyo alivyolelewa na yule fundi saa, na kumbe wakati anawagombeza walikuwa wanachukua maneno yake wanaenda nayo wanakojua wao, sasa anawatazama, mpaka rangi, muuza viatu, na kipa ambaye kesho atakuwa amelala chini ya sinki la mtu anaziba bomba, na anajisikia mdogo, mdogo kwa raha, anataka kulia, mtu mzima, mbele ya mwenyekiti, na anajua vizuri kitakachosemwa mpira ukipita pale, Kitasa kaacha nguzo wazi, Kitasa mwenyewe, watalisema mpaka kwenye msiba wake, na hatakuwa na la kujitetea, nao hawatalaumiwa, atalaumiwa yeye, na sawa, alaumiwe yeye...

Kule ukutani watu wanapiga kelele, mpira umerushwa ndani, umedunda, mpigaji wao ameushika anaufuta kwa jezi, anauweka, haridhiki, anauinua anauweka tena, na neno bado limo mdomoni mwa Kitasa, muda wa kulisema upo, neno moja tu na muuza viatu atakimbilia nguzo, ni mtiifu yule, wote watiifu, wangevunja kila kitu sasa hivi kwa sababu yeye amesema, "Kitasa, utawaambia au huwaambii?" msaidizi anakaribia kulia, na yeye anasema, polepole, "Siwaambii, wanajua," analimeza neno lake, analisikia likishuka, kisha anaitazama ile nguzo, miaka yote hiyo alikuwa ameipa mgongo, hakuwahi kuiona ikiwa peke yake, nyeupe, imesimama vizuri tu, kumbe inasimama bila mtu, na mpigaji anainua mkono, na Kitasa, ambaye hajui kabisa kitakachotokea, anawatazama vijana wake kama mtu aliyeletwa uwanjani leo kwa mara ya kwanza, akaambiwa, tazama, huu ndio mpira...