Shemeji Apiga Resi Kabla ya Kulala

Mume wa dada yangu tunamwita Jeki. Msidhani ni kwa sababu ya nguvu. Alikuwa fundi wa malori, na miaka yote hiyo jeki ndiyo iliyonyanyua, yeye kazi yake ilikuwa kulala chini ya gari, siku nyingine hata spana hana mkononi. Sasa amestaafu kama mimi. Nyumba zetu zimeshikana: ukuta mmoja, udaku mmoja.

Basi daktari akamwambia sukari imepanda na vidonge vimeanza kuzidiwa. Apunguze mkate, anyanyue vitu vizito kila siku, la sivyo kliniki ijayo anaanzishiwa sindano. Jeki, mtu aliyewahi kubeba betri ya lori kwa meno (ndivyo anavyosema, nami humsaidia kusema), akarudi nyumbani uso umempauka. Sindano ndiyo kiboko yake. Utotoni, siku ya chanjo, alipanda juu ya paa la shule, na walipofika na ngazi wakamkuta ameshahamia paa la shule ya jirani.

Kesho yake tu akachukua bomba la chuma, akalivisha ngoma ya breki ya lori kila upande, akaliingiza chumbani kama anayeleta mke wa pili.

Binti yake ni nesi kwenye kliniki hiyohiyo. Alipouona ule mzigo kando ya kitanda akashika kichwa.

"Baba, nyanyua jioni, kabla ya kula. Au asubuhi ukipenda. Lakini usinyanyue ukikaribia kulala. Mwili utachemka, utakesha, na asiyelala sukari yake nayo hailali."

"Umesomea injini wewe?"

"Nimesomea watu, baba."

"Haya basi, nikusomeshe. Dereva mwenye akili hazimi lori hivihivi. Hupiga resi kwanza, vuuum! Oili inapanda juu, ndipo anazima. Injini inalala imeshiba. Na mimi nitapiga resi, kisha nizime."

"Mjomba, mwambie!"

"Nimwambie nini?" nikasema. "Profesa ameshamaliza."

Profesa akaanza. Akishapiga mswaki na kuvaa nguo za kulalia, anapiga resi. Ngoma zikitua sakafuni, upande wangu wa ukuta meno yangu ya bandia yanacheza ndani ya glasi. Siku moja yaling'ata kijiko.

Kupiga resi aliweza. Kuzima ndiko kulikomshinda. Analala chali, jasho linamtoka, moyo unagonga kama lori limekwama kwenye tope, macho yamewaka taa kubwa. Anageuka huku, anageuka kule. Mwishowe anaamka kwenda kula mkate na jamu, "kurudisha nguvu," asemavyo. Mchana anasinzia popote anapoegemea. Nilimkuta amelala wima getini, barua ya jirani imebandikwa kifuani mwake, mleta barua kadhani ni sanduku.

Nikamwuliza, "Profesa, injini inaendeleaje?"

"Bado inazoea, shemeji."

Ilikuwa inazoea kweli. Ile kiu iliyompeleka kwa daktari ikarudi, akawa anamaliza jagi la maji amesimama palepale. Kliniki inakaribia, naye anakonda mashavu tu, tumbo liko palepale limekaa kama mwenyekiti. Kila akimwona binti yake ameshika mkoba wa kazini, anahamia chumba kingine.

Dada yangu ni fundi cherehani, na naye alikuwa hapati usingizi. Alivumilia mpaka siku aliposhona koti la mteja likatoka na mikono mitatu. Mteja alilivaa, akajitazama kwenye kioo, akauliza huu wa tatu ni wa nani. Jioni hiyo dada akayaburuta yale machuma mwenyewe mpaka mlangoni mwa jikoni, akasimama nyuma yake na mwiko.

"Mume wangu, nisikilize. Kuanzia leo chakula cha jioni kiko nyuma ya hizi ngoma. Hazijanyanyuka, sufuria haifunuki."

"Na resi yangu?"

"Resi kapige barabarani na malori wenzako."

"Lakini kitaalamu..."

"Shemeji," nikadakia, "nikuonjee mchuzi wakati unafikiria?"

Akanitazama kwa jicho la kuua. Akanyanyua. Alinyanyua kwa hasira, kwa njaa, kwa kunitukana polepole kila chuma kikipanda, na kabla giza halijaingia alikuwa amemaliza. Akala sahani moja, mikono ikakataa kwenda ya pili. Muda wa kulala ulipofika, mwili ulikuwa umeshapoa kitambo. Akalala kama gunia, mkoromo ukavuta pazia langu ukutani. Dada hakulalamika. "Huo niliolewa nao," akasema, akalala na yeye.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Ngoma, sahani, mkoromo. Kiu ikapungua, mkate na jamu ukakosa mtu wa kuuamkia.

Siku ya kliniki tulimsindikiza wote, si kwa mapenzi, kwa ulinzi. Mlango niliukalia mimi. Kazi bure: usingizi uliomrudia ulirudi na ukoo wake mzima. Kwenye benchi akaegemea ukuta, kinywa wazi. Binti yake akatoka na kifaa cha kupimia.

"Nimwamshe?"

"Ukimwamsha tutamtafuta juu ya paa," dada akasema. "Alishakubali apimwe. Choma."

Akamtoboa kidole. Jeki akakoroma. Majibu yakaingia kwa daktari, yakatoka: sukari imeshuka, sindano imeahirishwa, aendelee hivyohivyo, na hasa alale.

Tukamtikisa. Akaruka, akaficha mikono yote miwili mgongoni.

"Sijawa tayari!"

"Umeshapimwa, baba. Imeshuka."

Akakitoa kidole, akaona kipamba kimebandikwa. Akatuangalia mmoja mmoja, kisha akakunja mkono, akaupapasa msuli.

"Mnaona?" akasema. "Chuma. Sindano haisikiki."